Je, Mgonjwa Akatiwe Bima? Mjadala wa Bunge la Marekani



Muhula uliopita Chama cha Mdahalo cha shule yetu kilipewa hoja hii: "Sheria iwalazimishe wenye bima ya afya kumpokea mtu aliyekwisha kuugua, kwa ada ile ile ya mtu mwenye afya." Mimi niliwekwa upande wa kupinga. Sikuupenda upande huo, na sababu yake nitaieleza. Lakini Mwalimu wetu wa Uraia alisema kwamba mtu asiyeweza kuieleza hoja ya mwenzake hajaielewa hata ya kwake. Akanipa kazi ya kusoma jinsi Bunge la Marekani lilivyobishana juu ya jambo hilo hilo. Nilisoma likizo nzima. Katika makala haya nataka kuwaeleza wenzangu, walimu na wazazi yale niliyoyapata.

FOMU YA MAMA MDOGO

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani. Ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku hujichoma sindano ya insulini. Mwaka juzi, nilipokuwa nyumbani likizo, alinichukua twende ofisi moja ya bima ili nimsaidie kujaza fomu, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika. Tulijaza jina, umri, kazi na mahali anapokaa. Kisha tukafika kwenye swali lililouliza kama mwombaji ana ugonjwa wowote wa kudumu. Nilimtazama. Akasema, "Andika kisukari, mwanangu. Mungu anaona." Nikaandika.

Karani alikuwa mtu mpole. Aliisoma fomu mpaka mwisho, akasema, "Mama, nakusikitikia, lakini nyumba ikishashika moto haikatiwi bima." Akatueleza kwamba wangeweza kumpokea kwa magonjwa mengine yote, ila si kwa kisukari wala kwa jambo lolote linalotokana nacho. Mama mdogo alimshukuru, akaikunja fomu, akaitia mkobani. Hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha basi. Hapo akaniuliza, "Kisukari kinashika macho, kinashika figo, kinashika miguu. Kama hivyo vyote wamevitoa, wamebakiza nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilipoambiwa nisimame mbele ya shule nzima niwatetee wenye bima, niliona taabu moyoni.

BIMA NI KITU GANI?

Bima si kitu kigeni kwetu. Majirani wanaochanga kila mwezi ili mmoja akifiwa apate sanda na chakula cha wageni, hao wamefanya bima bila ya kuiita kwa jina hilo. Wengi hutoa kidogo, na yule aliyefikwa na jambo hupewa kikubwa.

Hebu tuchukue mfano wa bweni lenye vitanda 60. Tuseme tumepatana kwamba kila mmoja wetu atoe shilingi 2,000 kwa muhula, na atakayeugua alipiwe hospitali kutoka katika fungu hilo. Tutapata shilingi 120,000. Tuseme tena kwamba kila muhula huugua watu watatu, na matibabu ya kila mmoja ni shilingi 40,000. Jumla ni 120,000. Hesabu imekaa sawa, na hakuna anayehangaika.

Sasa tuseme wale wenye nguvu wameanza kusema, "Mimi siugui. Kwa nini nitoe pesa yangu?" Wakatoka, wakabaki kumi tu, nao ndio wale wanaougua mara kwa mara. Wagonjwa ni watatu vile vile na gharama ni ile ile. Lakini tukigawa 120,000 kwa watu kumi, ada ya kila mmoja inakuwa 12,000. Watano miongoni mwao walio na nafuu wataona ada imezidi, nao watatoka. Wale watano waliobaki watapaswa kutoa 24,000 kila mmoja. Mwisho wa safari hiyo hubaki mgonjwa peke yake na bili yake, yaani bima imekwisha kufa.

Wenye bima wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Kwa sababu hiyo, pasipokuwa na sheria ya kuwazuia, hujilinda kwa njia tatu: humkataa mgonjwa, au humpokea bila ya ugonjwa wake, au humtoza ada kubwa asiyoiweza. Basi lile swali la kwenye fomu ya mama mdogo halikuwekwa na mtu mwenye roho mbaya. Liliwekwa na hesabu. Lakini mgonjwa naye haponi kwa kuelezwa hesabu, na hapo ndipo Bunge linapoingia.

HALI ILIVYOKUWA MAREKANI

Marekani ni nchi tajiri sana, lakini haikuwahi kuwa na bima moja ya watu wote. Rais Harry Truman aliliomba Bunge jambo hilo mwaka 1945, asilipate. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoleta mifuko miwili ya Serikali: Medicare kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid kwa baadhi ya maskini. Watu wengine walio wengi walipata bima kwa waajiri wao. Lakini fundi, mkulima, mwenye duka dogo na mtu aliyeachishwa kazi ilimbidi ajinunulie mwenyewe, na huko ndiko lile swali la fomu lilikokuwa likimngoja.

Katika majimbo mengi kampuni iliweza kumkataa mtu kwa sababu ya kisukari, pumu, saratani au moyo. Mwanamke aghalabu alitozwa zaidi ya mwanamume wa umri ule ule. Bima nyingi ziliweka kikomo cha maisha, yaani jumla ya fedha ambazo kampuni ingelipa kwa mtu mmoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mtu mwenye ugonjwa mzito aliweza kukifikia kikomo hicho akiwa bado kitandani. Kabla ya mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 40 katika nchi ile hawakuwa na bima yoyote.

Lilikuwako jambo lingine lililonitia uchungu zaidi, nalo ni kufuta bima baada ya mtu kuugua. Mwezi wa Juni 2009 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iliwaita wakuu wa kampuni tatu kubwa. Uchunguzi wa kamati ulikuwa umeonyesha kwamba katika miaka mitano kampuni hizo zilifuta bima za watu wapatao 20,000, na kwa kufanya hivyo ziliepuka kulipa zaidi ya dola milioni 300. Mbele ya kamati alikuja muuguzi mstaafu kutoka jimbo la Texas. Alipatikana na saratani ya titi. Kabla ya kupasuliwa, kampuni yake ilipekua karatasi zake za zamani, ikakuta kwamba alikwisha kumwona daktari wa ngozi kwa sababu ya chunusi, ikasema hakusema kweli katika fomu. Bima yake ikafutwa.

Mwenyekiti wa kamati, Bart Stupak, aliwauliza wale wakuu watatu, mmoja baada ya mwingine, kama wataahidi kutofuta bima ya mtu yeyote ila aliyedanganya kwa makusudi. Wote watatu walijibu hapana.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mama mdogo akisema, "Andika kisukari." Yeye alisema kweli, akanyimwa. Yule wa Texas alikuwa ndani tayari, naye akatolewa kwa chunusi. Basi mtu afanyeje?

AMRI PEKE YAKE HAITOSHI

Wengi wetu tutasema: Bunge litoe amri kwamba kila mgonjwa apokelewe, na mambo yatakwisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini jimbo la Washington, lililoko magharibi ya Marekani, lilikwisha kujaribu. Mwaka 1993 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye sehemu mbili: wenye bima wawapokee wote, na wananchi wote wawe na bima. Mwaka 1995 Bunge la jimbo liliifuta ile sehemu ya pili iliyowalazimu wananchi, likaiacha ile ya kwanza iliyowalazimu wenye bima. Watu wakaona hapana haja ya kutoa ada wakiwa wazima, maana wangepokelewa hata wakiingia baada ya kuugua. Lile jambo la bweni letu likatokea kweli kweli. Kufikia mwaka 1999 katika sehemu kubwa ya jimbo hapakuwa na kampuni iliyokuwa tayari kumwuzia bima mtu mmoja mmoja. Mgonjwa alikuwa na haki ya kununua, lakini duka lilikuwa limefungwa.

Jimbo la Massachusetts lilifanya vingine mwaka 2006, wakati Gavana wake alipokuwa Mitt Romney. Huko walikwisha kuwa na amri ya kumpokea mgonjwa, wakaiongezea mambo mawili: kila mtu awe na bima, na asiyeweza kulipa asaidiwe. Kwetu tungesema ni mafiga matatu. Chungu hakikai juu ya figa moja, hata likiwa kubwa namna gani.

SHERIA YA MWAKA 2010

Rais Barack Obama na chama chake cha Democratic walichukua mpango wa namna hiyo, wakaufanya wa nchi nzima. Ubishi ulikuwa mkali, ukachukua zaidi ya mwaka. Seneti ilipitisha muswada tarehe 24 Desemba 2009, mkesha wa Krismasi, kwa kura 60 kwa 39. Baraza la Wawakilishi liliupitisha tarehe 21 Machi 2010 kwa kura 219 kwa 212. Siku mbili baadaye Rais alitia sahihi. Hakuna mbunge hata mmoja wa chama cha Republican aliyeukubali katika kura hizo.

Kwa ufupi, sheria hiyo ilimpa mwenye kununua bima kinga hizi:

1. Kuanzia mwaka 2014 kampuni isimkatae mtu kwa sababu ya ugonjwa alio nao, wala isimtoze zaidi kwa ajili ya ugonjwa huo au kwa kuwa ni mwanamke. Katika kupanga ada yaangaliwe mambo machache tu, kama umri, mahali anapokaa mtu, idadi ya watu wanaokatiwa bima na matumizi ya tumbaku. Na kwa umri, mzee asitozwe zaidi ya mara tatu ya kijana.
2. Kikomo cha maisha kifutwe.
3. Bima isifutwe mtu akiugua, ila kama alidanganya kwa makusudi.
4. Kijana aweze kubaki katika bima ya wazazi wake mpaka atimize miaka 26.
5. Katika kila dola ya ada, angalau senti 80 zitumike kwa matibabu na kuyaboresha. Kwa bima za waajiri wakubwa ziwe senti 85. Kampuni ikitumia pungufu, iwarudishie wateja.

Pamoja na kinga hizo yaliwekwa yale mafiga mengine mawili. Asiye na bima atozwe faini, na mtu wa kipato kidogo au cha kadiri apewe msaada wa Serikali katika ada.

WALIOPINGA WALISEMA NINI?

Hapa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa huu ndio uliokuwa upande wangu katika mdahalo, na nimeona kwamba mara nyingi hausemwi kwa haki.

Kwanza, walisema kwamba Serikali haina mamlaka ya kumlazimisha mtu huru kununua kitu asichokitaka. Leo ni bima, kesho itakuwa nini? Jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 28 Juni 2012 majaji watano kati ya tisa waliamua kwamba ile faini inaweza kuhesabiwa kuwa kodi, na Bunge lina haki ya kutoza kodi. Sheria ikapona kwa jaji mmoja.

Pili, walisema kwamba kijana mwenye afya anabebeshwa mzigo wa mwingine. Hilo ni kweli, wala halifichiki. Watu kadhaa waliojinunulia bima wenyewe, tena wenye kipato kilichozidi kidogo kile cha kupewa msaada, waliona ada zao zikipanda sana.

Tatu, walisema kwamba wananchi waliahidiwa jambo lisilotimizwa. Rais Obama alikuwa amesema mara nyingi kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo. Mwishoni mwa 2013 mamilioni ya watu walipokea barua za kuwaambia kwamba bima zao zinakoma, kwa sababu hazikufikia kipimo cha sheria mpya. Rais mwenyewe aliomba radhi. Nadhani hapa pana fundisho kwa kila kiongozi, hata kiranja wa bweni: usiahidi kwamba hakuna atakayepoteza kitu.

Nne, walisema iko njia nyingine. Wagonjwa watengewe mfuko wao peke yao, nao usaidiwe na Serikali, ili watu wengine waachwe walipe ada ndogo. Njia hiyo ilikwisha kujaribiwa na majimbo 35 kabla ya sheria. Wazo lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba mfuko wa wagonjwa watupu ni ghali sana, na majimbo mengi hayakutia fedha za kutosha. Kwa hiyo ada zilikuwa kubwa, na mahali pengine wagonjwa waliwekwa katika orodha ya kungoja. Sijui mgonjwa wa figo anangojaje.

USIKU WA JULAI 2017

Mwaka 2017 chama cha Republican kilikuwa na Rais, Donald Trump, na wingi katika mabaraza yote mawili. Kilikuwa kimeahidi kwa miaka saba kuiondoa sheria ile. Lakini kulikuwa na jambo gumu. Wananchi wengi walikuwa hawaipendi faini, lakini walizipenda kinga za mgonjwa. Wengi walitaka chungu kikae, figa liondoke.

Tarehe 4 Mei 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada mpya kwa kura 217 kwa 213. Muswada huo ulisema kwamba mgonjwa hatakataliwa. Lakini kifungu kimoja kilisema kwamba jimbo likiomba kibali, kampuni zitaweza kumtoza zaidi mgonjwa ambaye aliacha bima yake kwa muda. Hapa ndugu msomaji aangalie sana. Kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kumwekea bei ya kuingilia ni jambo jingine. Mama mdogo akiambiwa, "Karibu, lakini ada yako ni mara tano ya mwenzako," amekataliwa kwa maneno matamu. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, isiyokuwa ya chama chochote, ilikadiria kwamba kwa muswada huo watu wasio na bima wangeongezeka kwa milioni 23 kufikia mwaka 2026.

Seneti nayo ilileta muswada wake mfupi zaidi. Kura ilipigwa tarehe 28 Julai 2017, baada ya saa saba za usiku. Maseneta wawili wa Republican, Susan Collins na Lisa Murkowski, walikuwa wameukataa. Akabaki John McCain wa Arizona, mzee wa miaka 80. Siku chache kabla yake madaktari walikuwa wamemkuta na saratani ya ubongo. Alisogea mbele, akanyosha mkono, akaelekeza kidole gumba chini. Muswada ukaanguka kwa kura 49 kwa 51.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kana kwamba McCain aliipenda sheria ya Obama. Sivyo. Mwaka 2009 alipiga kura ya kuikataa. Sababu yake kubwa mwaka 2017 ilikuwa kwamba jambo zito kama hilo lilipitishwa kwa haraka, bila ya kamati kulichambua na bila ya vyama viwili kushauriana. Mwalimu wetu alituambia tuliweke akilini jambo hilo, kwa maana namna ya kupitisha sheria nayo ni sehemu ya sheria.

Desemba ya mwaka ule ule Bunge lilipitisha sheria ya kodi iliyoifanya ile faini kuwa sifuri kuanzia mwaka 2019. Figa moja likaondolewa. Wengi walingojea kuona nchi nzima ikiwa kama jimbo la Washington. Haikuwa hivyo. Sababu kubwa ni kwamba msaada wa Serikali uliendelea kuwavuta watu wengi kubaki ndani, wazima kwa wagonjwa. Hapo nilijifunza kwamba mtu mwenye afya aweza kusukumwa kwa faini au kuvutwa kwa msaada, lakini lazima liwepo la kumleta.

Tangu hapo ubishi umehamia kwenye msaada wenyewe. Mwaka 2021 Bunge liliuongeza, na mwaka 2022 likausogeza mbele mpaka mwisho wa 2025. Ulipokaribia kukoma, vyama havikupatana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba 2025 sehemu kubwa ya shughuli za Serikali ya Marekani ilisimama kwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote uliotangulia katika historia yake, na jambo kubwa lililoshindaniwa lilikuwa msaada huo.

NA SISI JE?

Mtu asidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa ukiwasajili watoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 Mfuko uliusimamisha utaratibu huo, ukaelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule zao au pamoja na familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakimsajili mtoto aliyekwisha kuugua tu na kuwaacha wazima. Ni hesabu ile ile ya vitanda 60. Wazazi hao siwalaumu, kwa maana aliye na 50,400 moja tu hutazama kwanza mtoto anayelia. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jina lake lenyewe lina jibu la hesabu: kwa wote, si kwa wagonjwa tu.

MDAHALO ULIVYOKWISHA

Siku ya mdahalo nilisimama, nikaeleza habari za bweni, nikaeleza habari za Washington. Wenzangu walinipigia makofi, nikaanza kujiona nimeshinda. Kisha akasimama mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu. Hakutaja mwaka wala hesabu. Alisema, "Mwenzetu ametuonyesha vizuri kwamba mgonjwa akiingia peke yake mfuko utakufa. Hakutuonyesha mgonjwa akibaki nje ataishi wapi." Akaketi. Tukashindwa kwa kura nyingi.

Sikuona haya kushindwa. Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja. Anayesema mgonjwa apokelewe, aseme na nani atalipa. Na anayesema fedha hazitoshi, aseme mgonjwa aende wapi. Msemaji akitoa nusu moja na kuificha ya pili, awe mbunge wa Marekani au wa kwetu, hajamaliza kusema.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama mdogo habari zote hizi, huku akishona. Alisikiliza mpaka nikafika kwa yule muuguzi wa Texas, akasimamisha cherehani, akauliza kama alipona. Nikamwambia kwamba mbunge wake alimsaidia, bima yake ikarudishwa, akapasuliwa, lakini kwa kuchelewa miezi. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona. Baadaye kidogo akasema, "Mimi nikiwa na umri wako sikuwa na kisukari. Laiti wangenichangisha siku zile." Nadhani katika maneno hayo machache alisema yale ambayo Bunge la Marekani limeyabishania miaka mingi.

Basi, wenzangu, sisi wa miaka kumi na saba ndio wale wenye vitanda tunaosema hatuugui. Siku moja karatasi ya kuchangia itatufikia. Tukumbuke kwamba mtu mzima wa leo ndiye mgonjwa wa kesho, na kwamba ada tunayoitoa kabla ya kuugua ndiyo inayotupa haki ya kupokelewa bila ya kuulizwa swali. Nanyi wazazi, mkipewa fomu, isomeni mpaka mwisho, na mjaze kweli, hata kama kweli hiyo inauma.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV A